Zimwi na Sura Yake: Maneno na Picha katika Visa vya Kutisha, toka Umatumbi hata Vitabu vya Katuni

Vilima vya Umatumbi vimeinuka nyuma ya Kilwa Kivinje, na Kipatimu imo katikati yake. Chini ya vilima hivyo mawe ya chokaa yametobolewa na maji kwa dahari nyingi, hata yakafanya mapango makubwa. Katika pango la Nang'oma watu walijificha wakati wa Vita vya Maji Maji. Jingine lajulikana kwa jina la Nduli. Mgeni ajuaye Kiswahili tu atashtuka asikiapo jina hilo, kwa kuwa nduli katika Kiswahili ni muuaji asiye na huruma, na ndilo jina Watanzania walilombandika Idi Amin katika vita vya 1978 na 1979. Lakini Kimatumbi si Kiswahili. Kina irabu 7 ambapo Kiswahili kina 5, kama alivyoeleza David Odden katika kitabu chake cha 1996, na jina la mahali halifasiriwi kwa kamusi ya lugha ya jirani. Hata hivyo mshtuko wa yule mgeni una mafunzo yake: neno peke yake limetosha kumtia hofu, wala hakuhitaji kuonyeshwa picha.

Jambo hilo ndilo linaloangaliwa hapa. Viumbe vya kutisha vya pwani ya Kilwa na Lindi, na vya Waswahili kwa jumla, viliishi katika maneno kwa muda mrefu sana kabla ya kuingia katika karatasi zenye michoro. Kuhama kwao kutoka sikioni kwenda jichoni kumewapa miili, na kumewanyang'anya kitu. Yafaa kupima ni kitu gani, maana hasara yake haikuwa ya fasihi peke yake.

Kisa kikubwa kuliko vyote vya Umatumbi ni cha Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye mwaka 1904 alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Habari zake zilikusanywa na G. C. K. Gwassa kwa wazee waliokuwa hai katika miaka ya 1960, na sehemu yake ilichapishwa mwaka 1968 katika kitabu alichokitoa pamoja na John Iliffe. Yasimuliwa kwamba Kinjikitile alikuwa nje na jamaa zake asubuhi wakiota jua. Mara akaonekana akienda kwa tumbo, mikono ameinyosha mbele, akielekea kwenye maji. Wakamshika miguu wasiweze kumzuia. Akapiga kelele kwamba wanamwumiza. Akazama bwawani. Waliojua kupiga mbizi wakamfuata, wasione kitu. Jamaa wakalala ukingoni. Kesho yake, saa ile ile, akatoka mzima, na nguo zake kavu.

Msomaji aangalie jinsi kisa hiki kilivyojengwa. Hongo haonekani kabisa. Hana pembe, hana mkia, hana jicho la moto. Wapiga mbizi, ambao ndio waliopata nafasi ya kumwona, wanatoka mikono mitupu. Vinavyoonekana ni viwili tu: mtu anayevutwa na nguvu isiyo na mwili, na nguo ambazo zingepaswa kuwa majimaji nazo ni kavu. Kisha habari ikaenea kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, yaani kunong'onezana kwa siri, mtu na mwenziwe, kijiji na kijiji. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, jirani ya Kipatimu, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, wala vita havikuzimika kwa kifo chake. Minong'ono isiyo na picha hata moja ilikuwa imekwisha fanya kazi.

Ebrahim Hussein alipokileta kisa hicho jukwaani katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), alibadili irabu mbili za jina, akatahadharisha kwamba mtu wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Tahadhari ya namna hiyo wachoraji wa visa vya kutisha hawaitoi, labda kwa sababu hakuna anayeidai kwao.

Neno zimwi lenyewe lina nasaba ndefu. Limetokana na shina la Kibantu cha kale ambalo maana yake ni roho ya aliyekufa, na shina hilo hilo limezaa mzimu na kuzimu. Wakikuyu wana irimu, Wazulu wana izimu, na wote wawili ni wala watu wa ngano. Wasotho wana molimo, ambalo ndilo jina la Mungu, na lelimo, ambalo ni mla watu. Kati ya Mungu na mla watu pana kiambishi kimoja tu. Kwa hiyo mtu wa kale hakuhitaji kulieleza zimwi lina umbo gani. Ngeli ilimwambia msikilizaji kwamba roho imetoka mahali pake pa heshima ikavimba ikawa kitu cha kuogopwa. Na mpaka leo Mswahili akitaka kukuza kitu hahitaji penseli: nyoka huwa joka, mtu huwa jitu, mbwa huwa jibwa. Dude na dubwana huenda mbali zaidi, maana hayo ni majina ya kitu ambacho msemaji hana jina lake, au analo na hataki kulitamka usiku.

Mfano ulio bora wa kiumbe cha maneno ni nunda mla watu, katika kisa alichokiandika Edward Steere kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kukichapisha mwaka 1870. Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakaja kushitaki. Sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akaendelea hivyo hata akafikia watu, na jibu la sultani likawa lile lile, mpaka paka akala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo alipokubali kwamba huyu si paka tena. Kijana wake mdogo, aliyekuwa akidharauliwa kwa kukaa jikoni, akatoka kwenda kumtafuta nunda. Kila aendapo aua mnyama, amkokota hadi kwa mama yake akidhani amempata, na kila mara mama humwambia kwamba huyu siye. Wanyama wanazidi kuwa wakubwa, na bado siye. Kijana hajamwona nunda. Alichonacho ni alama alizotajiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Kwa alama hizo ndipo mwishowe anamtambua mlimani.

Kisa hiki ni somo la semantiki lililotangulia vyuo vyetu vyote. Kijana ana neno, anatafuta kitu chake, na kila kitu anachokiona anakipima kwa neno. Ni kisa cha siasa pia, na wasimulizi walijua: mla watu hakutoka msituni, alilelewa katika nyumba ya mfalme, na kila mzoga ulikuwa na kibali. Mwaka 1901 kisa hiki kiliingia katika vitabu vyenye picha mara mbili, na mara zote mbili ng'ambo. George Bateman alikitoa Chicago katika Zanzibar Tales, akakipa jina la Mkaa Jikoni, na michoro ya Walter Bobbett. Andrew Lang alikitia katika The Violet Fairy Book huko London, kitabu kilichopambwa na H. J. Ford. Watoto wa Marekani na Uingereza basi walisoma habari za nunda katika vitabu vya michoro kwa miongo kadha kabla ya watoto wa Kilwa kuwa na katuni zao.

Wageni hawakuishia katika michoro. William Hichens, ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa Al-Inkishafi (1939) na Diwani ya Muyaka (1940), aliwahi kuwa hakimu Lindi. Mwaka 1927 aliandika katika Chambers's Journal juu ya wanyama wa ajabu wa Afrika, akijificha nyuma ya jina la Fulahn, ambalo Mswahili atalitambua mara moja kuwa ni fulani. Alirudi kwenye habari hizo katika jarida la Discovery mwaka 1937. Alieleza kwamba mwaka 1922 askari waliuawa usiku huko Lindi, na mkononi mwa maiti yakakutwa manyoya ya kijivu. Hofu ikaenea hata Mchinga. Watu walisema ni mngwa, ndiye nunda, paka mkubwa kama punda. Toka hapo mngwa akapata wapenzi Ulaya. Bernard Heuvelmans alimpa nafasi katika kitabu chake cha 1955 juu ya wanyama wasiojulikana, na watu wakaanza kubishana kama ni chui wa namna yake au ni jamii mpya. Kwa watu wa pwani swali zito lilikuwa jingine: ni nani aliyemtuma?

Isidhaniwe kwamba swali hilo ni la ujinga wa kale. Craig Packer na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 katika Tanzania toka 1990, na mikoa ya kusini, Lindi ikiwamo, ndiyo iliyoumia zaidi. Katika Rufiji, kaskazini tu ya Umatumbi, simba mmoja aliyeuawa Aprili 2004 alihesabiwa watu wapatao 35. Alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Jipu laeleza kwa nini simba aliacha nyati akashika watu. Halielezi kwa nini alimchukua huyu akamwacha jirani yake, na hapo ndipo habari za simba wa kutumwa zinapopata mlango.

Basi picha zilikuja lini kwa Waswahili wenyewe? Zilikuja kwa kicheko. Katika miaka ya 1950 Edward Gitau wa Kenya alianza kumchora Juha Kalulu, mjinga mwenye jina la sungura wa ngano, akaendelea naye kwa miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Katika miaka ya 1970 lilizaliwa Sani, jina lililounganishwa kutoka kwa waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na humo wakaishi Lodi Lofa, Madenge, Kipepe na Ndumilakuwili. Huyu wa mwisho ana jina la kale la nyoka anayesemwa kuwa ana vichwa viwili, ambalo lilikwisha kuwa jina la mnafiki. Mchoraji alilichukua likiwa na maana zote mbili. Magazeti ya watu binafsi yalipozidi mwishoni mwa miaka ya 1980, na hasa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, katuni za vijitabu na za magazeti ya udaku zikaongezeka, na humo wachawi, majini na wafu wakapata makao. Jigal Beez alizichunguza katuni hizi za kutisha katika Swahili Forum la 2009, katika makala ambayo kichwa chake, kikifasiriwa, ni homa ya jiji na wachawi wakuu. Jiji limetangulia, na ni haki. Kiumbe kilichokuwa cha bwawa na pango sasa kina nyumba ya kupanga.

Ni fasihi ya watu. Nakala moja hupita mikono mingi kabla ya kuchakaa, na Kiswahili cha visa vya mjini si cha darasani. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling waliokusanya lugha ya mitaani mwaka 2006 walipata maneno na misemo ipatayo 1,100. Wasomi waliozidharau karatasi hizi kwa sababu ya wino mbaya walijinyima ushahidi.

Ili kuona njia nyingine ingaliweza kufuatwa, inafaa kutazama nchi nyingine ya pwani na visiwa ambayo ngano zake zimechorwa kwa wingi kuliko zetu, nayo ni Ufilipino. Huko katuni zilipata umaarufu toka Kenkoy wa mwaka 1929 katika gazeti la Liwayway, na visa vya kutisha vikawa tawi kubwa. Kiumbe chao kikuu ni aswang, ambaye hubadilika umbo. Maximo Ramos alipowaainisha mwaka 1971 alikuta jina moja limebeba viumbe wa namna 5. Mmoja wa jamii hiyo ni manananggal, na jina lake limetokana na shina tanggal, yaani kubanduka: ni mwanamke ambaye usiku kiwiliwili hubanduka kiunoni kikaruka kwa mabawa. Hapa jina la tendo lilikuwa tayari nusu ya picha, na wachoraji hawakuwa na taabu. Mwaka 2005 Budjette Tan na Kajo Baldisimo walianza Trese, kisa cha mwanamke mpelelezi wa Manila anayeshughulika na viumbe hawa. Sehemu za kwanza zilikuwa vijitabu vya kudurusiwa, vikiuzwa kwa bei ndogo. Wasomaji wakavipokezana hata vikawa vitabu, na mwaka 2021 vikawa filamu ya katuni ya Netflix. Uzuri wa Baldisimo ni wino mweusi. Sehemu kubwa ya ukurasa ni giza, na kiumbe huonekana kucha na jicho. Mchoraji huyo ameelewa kwamba kuchora ni pamoja na kuficha.

Wafilipino wanajua pia hatari ya mwili uliokwisha pangwa. Edward Lansdale, afisa wa Marekani, alisimulia mwenyewe mwaka 1972 jinsi katika vita dhidi ya Wahuk maiti ya mpiganaji ilivyotobolewa matundu mawili shingoni na kuondolewa damu, ili wenzake waamini kwamba aswang amefika. Alama zikishajulikana na wote, yeyote aweza kuziandika juu ya mwili wa mtu.

Popobawa wa Pemba na Unguja amepatwa na msiba wa namna nyingine. Hofu yake ilienea sana mwaka 1995, ikafika hata Dar es Salaam. Jina ni popo na bawa, na Martin Walsh ameeleza kwamba linahusu kivuli kinachotanda juu ya mtu usiku, si sura ya mnyama. Wapenzi wa mambo ya kutisha wa nchi za mbali walipolipata neno hilo walilifasiri kipande kwa kipande, wakachora mtu-popo mwenye jicho moja na makucha. Katrina Daly Thompson ameliandikia kosa hilo kitabu kizima mwaka 2017. Waliozungumza juu ya Popobawa Zanzibar walizungumza juu ya giza, aibu na siasa. Mchoro umewasahaulisha wageni yote hayo, umebaki na popo.

Kuna viumbe vingine ambavyo havikuhitaji kubuniwa mwili, kwa kuwa mwili wao ni wa binadamu. Mumiani ni neno la Kiajemi, na mwanzoni lilikuwa jina la dawa nyeusi kama utomvu iliyotumiwa kwa mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Krapf ya 1882 yataja tayari kwamba watu waliamini dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya mtu. Baadaye neno likahama kutoka kwa dawa kwenda kwa mwenye kuitafuta. Huyu huvaa nguo za kazi, ana ndoo, ana gari. Katika Kenya na Uganda aliitwa mzimamoto, na watu wa idara ya zimamoto walipata taabu kwa hilo, kama Luise White alivyoonyesha mwaka 2000. Mchawi ni vivyo hivyo. Katika visa vya mdomo mchawi aghalabu hajulikani mpaka mwisho, na ndipo ladha ya kisa. Katuni lazima imwonyeshe toka ukurasa wa kwanza, na njia nyepesi ni bibi kizee juu ya ungo, meno machache, macho mekundu. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni. Picha hazikuanzisha mauaji hayo, maana ni ya zamani kuliko vijitabu vya Dar es Salaam. Lakini mchoraji anayerudia macho yale hachori zimwi. Anachora jirani wa mtu. Kosa hilo la fani na kosa la maadili hapa ni kosa moja, na mhakiki hapaswi kulipita kwa upole.

Njia ya kutoka imo katika lugha yenyewe. Msimulizi wa Kiswahili ana tanakali za sauti, ambazo sarufi nyingi huziweka pembeni kama watoto wasio na ngeli: chubwi ya kitu kinachotumbukia majini, puu ya kianguko, kwaa ya kujikwaa gizani, kimya ji. Katuni imezichukua ikaziandika kwa herufi kubwa kuliko maneno mengine yote, na kwa hilo imezipa heshima ambayo vitabu vya sarufi havikuzipa. Tanakali hutaja tukio na kumwacha mtendaji pembeni, jambo ambalo nomino haiwezi. Mchoraji atakayechukua kisa cha Ngarambe halazimiki kumvumbulia Hongo magamba. Ana viwimbi vya maji, ana nyayo zilizoburura udongo, ana jamaa waliokesha ukingoni, ana neno chubwi. Na katika ukurasa unaofuata ana nguo kavu.